Sigara ya Kesho

Simu ilimkuta mkalimani mahakamani, kwenye korido, wakati hakimu ametoa mapumziko mafupi. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa nidhamu wa shule ya binti yake, yule ambaye wanafunzi wanamwita King'ora, na hakupoteza muda kwa salamu.

"Mama, binti yako anavuta."

"Anavuta nini?"

"Anavuta, mama. Tumemkamata chooni. Uje Ijumaa asubuhi mbele ya kamati. Na sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwa kosa hili sheria yetu ina adhabu moja tu. Anafukuzwa."

"Mwalimu, nimekuuliza anavuta nini."

"Utaelezwa huku."

Simu ikakatwa. Mkalimani alibaki ameishika sikioni, na kwa kitambo, kilichomkera si habari yenyewe bali ile sentensi. Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya hakimu na mtu asiyejua lugha ya hakimu, kuchukua maneno huku na kuyafikisha kule bila kuongeza wala kupunguza. Shahidi akisema "alinisukuma", yeye hasemi "alinishambulia". Akisema "nadhani", hasemi "najua". Mawakili wa pande zote mbili walimchukia kwa zamu kwa sababu hiyo, naye alilichukulia hilo kuwa dalili ya kazi njema. Kitenzi kisicho na yambwa alikiona kama mlango usio na kitasa: unajua ni mlango, hujui utaufunguaje.

Habari yenyewe ikafuata, nayo ilikuja na uzito wake wote. Binti alikuwa kidato cha nne. Usajili wa mtihani wa mwisho ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi. Akifukuzwa sasa, jina lake linaondolewa, na hakuna shule itakayompokea katikati ya mwaka mtoto aliyefukuzwa kwa kuvuta, cho chote kile anachovuta. Miaka minne ingekwenda na maji kwa neno moja la King'ora.

Nyumbani alimkuta mtoto amekaa mezani, sare bado mwilini, begi limefungwa mbele yake. Mjomba wake alimpa jina la Wakili tangu akiwa mdogo, kwa sababu hata kuoga alikuwa akikukatia rufaa.

"Umevuta?" mama akauliza kabla ya kuvua viatu.

"Sijavuta."

"Wakili, leo sina masihara."

"Na mimi sina. Sijavuta, mama. Sijawahi kuvuta maisha yangu. Mwaka jana uliniuliza kama navuta, nikakwambia sivuti. Hukuniuliza kama napuliza."

Akafungua begi, akatoa kidude chembamba cha rangi ya waridi, ambacho King'ora alimwamuru akamwonyeshe mama yake, akakiweka mezani. Kilikuwa kifupi kuliko kalamu na kilinukia tikiti maji.

Hapo ndipo mkalimani alipoelewa kwamba watoto walikuwa wamekigawa kitenzi bila kuwaarifu wakubwa. Kuvuta ni sigara, na bangi, na mambo ya wazee wenye meno ya kahawia. Kidude hiki cha mvuke, vepu, hakivutwi, kinapulizwa. Sifa yote iko kwenye wingu linalotoka, si kwenye kinachoingia. Kwa hiyo alikuwa ameuliza swali bovu na akapewa jibu sahihi, na mwaka mzima alikuwa amelala usingizi mnono juu ya jibu hilo. Hasira aliyokuwa ameibeba toka mahakamani ilikosa pa kutua, ikamrudia mwenyewe.

"Umeipata wapi?"

"Dukani kwa mjomba."

"Alikuuzia?"

"Alinipa. Zawadi ya kumsaidia dukani Jumamosi." Wakili akainua kidevu, kama afanyavyo anapoona ana hoja. "Na yeye aliacha sigara kwa hiki hiki. Wewe mwenyewe ulifurahi. Ulisema Mungu mkubwa."

"Mjomba wako aliacha sigara. Wewe unaacha nini?"

Wakili akakisukuma kidude pembeni ya meza. Kwa kawaida hapo angekuwa tayari na rufaa.

Baba yake, aliyekuwa kazini mbali, alipopigiwa simu alisikiliza mpaka mwisho, akatoa ushauri wake kwa neno moja. "Mchape." Mkalimani akamshukuru, akakata.

Kesho yake, alipotoka kazini, alipitia dukani kwa mdogo wake. Lilikuwa duka la kutengeneza simu, jembamba kama korido, na mtaa mzima ulimwita mwenye duka Waya. Ukutani vilining'inia vikava na nyaya za chaji. Lakini mbele, usawa wa macho ya mtoto, palikuwa na kabati jipya la kioo lenye taa ndani, na vepu zimepangwa humo kwa rangi zake, kijani, chungwa, zambarau, hivi kwamba ukipita haraka ungedhani ni peremende.

Waya alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa kifua. "Dada. Karibu. Ile simu yako imekufa tena?"

"Umempa mwanangu sumu."

Akaiweka chini bisibisi. "Punguza sauti, dada. Wateja."

"Mteja hapa ni mimi peke yangu, na nimekuja kurudisha bidhaa." Akakiweka kile kidude juu ya kioo.

Waya alikitazama, akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi dada yake kuliko kama angekuwa mbaya. "Sikiliza kwanza. Niliwakuta nyuma ya duka, yeye na wenzake. Mmoja ameshika sigara. Sigara, dada, ile yenyewe. Unamkumbuka baba alivyokuwa akikohoa mpaka anashika ukuta? Nikaona bora hii. Mtoto akishauzoea utamu huu, sigara ataiona kama anakula majivu. Mimi nilimkinga."

"Ulimkinga."

"Kama chanjo."

"Kama chanjo," mkalimani akarudia, kwa sauti ile ya mahakamani isiyo na chumvi wala sukari, ambayo Waya aliiogopa tangu utotoni.

"Usinirudie hivyo. Nitazame mimi. Ulikuwa hunitaki hata sebuleni kwako kwa harufu. Leo napanda ngazi za jengo zima naongea na simu. Nani aliyenitoa huko? Daktari? Ni hii."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemuona kwa macho yake akiinuka kutoka kwenye kikohozi chake cha sigara. Angependa sana kuwa na mdogo wake mwongo. Badala yake alikuwa naye mtu mwenye ukweli mmoja, anayeugawa kwa kila apitaye kama vipeperushi.

"Na isitoshe," Waya akaendelea, "hii ni salama asilimia tisini na tano."

"Kasema nani?"

"Imeandikwa." Akachukua kisanduku kabatini, akakigeuza, akaweka kidole kwenye tarakimu. "Unaona hapo? Tano kwa mia. Yaani kibaya ni tano tu. Kilichobaki chote ni ladha na mvuke."

Mkalimani alikipokea kisanduku, akakisogeza kwenye taa. Chini ya picha ya tikiti palikuwa na maandishi madogo ya kigeni, madogo kama miguu ya sisimizi. Akayasoma kimya, kisha akayatafsiri kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyofanya kwa mshitakiwa anayesomewa mashitaka.

"Nikotini, asilimia tano. Miligramu hamsini katika kila mililita. Bidhaa hii ina nikotini, ambayo husababisha uraibu. Isiuzwe kwa watoto." Akakirudisha kisanduku juu ya kioo. "Hiyo tano si alama ya ubaya, Waya. Hicho ni kipimo. Hiyo ndiyo nikotini yenyewe, tena nyingi. Umesoma kipimo cha dawa ukadhani ni alama za mtihani."

Waya akakigeuzageuza kisanduku. "Mimi nilidhani..."

"Ulidhani. Na kabati umeweka taa."

"Yule anayeniletea mzigo hakuniambia."

"Zisizo na nikotini unazo?"

"Niliwahi kuleta. Hazitoki."

"Kwa nini hazitoki?"

Waya akaichukua bisibisi, akaanza kufunga skrubu ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Akasema, bila kuinua macho, "Ijumaa nitakuja. Nitawaambia kwamba si sigara. Mimi naijua bidhaa, wewe unayajua maneno. Hatafukuzwa."

Jambo la kumuudhi zaidi lilikuwa kwamba alimhitaji. Shuleni kule mtoto angeshitakiwa kwa sigara, na shahidi pekee wa kusema vepu si sigara alikuwa mtu aliyemtia mtoto kwenye mashitaka.

"Vaa koti," akamwambia, akatoka.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni iliyolia tak, tak, kila ilipozunguka, na kiti kimoja kifupi kuliko vingine, ambacho mwanafunzi ndiye hukalia. Mkuu wa shule, mwanamke mtaratibu mwenye miwani kifuani, alikaa katikati. Kulia kwake King'ora. Kushoto kwake muuguzi wa kituo cha afya, aliyealikwa kama mtaalamu, ambaye wote walimwita Sista. Wakili aliomba kwenda kujisaidia kabla kikao hakijaanza, akaruhusiwa, akarudi, akakaa kwenye kiti kifupi.

Mkuu akavaa miwani. "Sheria inasema: mwanafunzi atakayebainika kuvuta atafukuzwa shule. Mama, sipendi kazi hii, lakini ndivyo ilivyo."

"Kuvuta nini, mkuu?"

"Inaeleweka."

"Ingekuwa inaeleweka tusingekuwa hapa. Mtu anavuta kamba. Anavuta maji kwa pampu. Mwalimu hapo anavuta kiti tangu tuingie, na hajafukuzwa."

Sista akaficha kicheko kwa kikohozi. King'ora akaacha kiti.

"Mama," mkuu akasema kwa upole, "sheria hii iliandikwa wakati kilichokuwa kikivutwa ni sigara. Hatukuona haja ya kuitaja."

"Basi ni sheria ya sigara. Binti yangu hajavuta sigara. Mwalimu, ulimkuta na sigara?"

"Nilimkuta na vepu," King'ora akasema. "Lakini tusichezeane akili. Vepu ni sigara ya kesho. Leo anapuliza huku, kesho atavuta kule. Nimefundisha muda mrefu, nimewaona. Sisi tunawahi."

"Mnamfukuza leo kwa sigara ya kesho?"

"Ndiyo maana ya kuzuia."

"Basi mfukuzeni kesho."

Waya, ndani ya koti lililombana mabega, akapiga goti lake kwa kiganja na kucheka kwa sauti. Hata Wakili alitabasamu. Mkuu akagonga meza kwa kalamu na kumgeukia Sista. "Wewe ndiye mtaalamu. Tuambie. Inapeleka kwenye sigara au haipeleki?"

Sista akasogea mbele. "Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kijana anayetumia vepu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kuvuta sigara kuliko asiyetumia. Hilo halina ubishi mkubwa."

"Umesikia," King'ora akasema.

"Naomba kumuuliza," mkalimani akasema. "Ni vepu inayompeleka? Au ni watoto wale wale, ambao wangejaribu cho chote kilichopita mbele yao?"

"Hapo ndipo wataalamu wanapovutana mashati. Wapo wanaosema vepu ndiyo inayomwonjesha nikotini, kisha nikotini inamtafutia njia. Wapo wanaosema mtoto mwenye marafiki wavutaji na asiyeogopa kujaribu angefika kwenye sigara hata kama vepu isingezaliwa. Na ziko nchi ambako vepu ziliongezeka huku vijana wanaovuta sigara wakipungua. Siwezi kuapa kwa upande wo wote."

"Sista, tulikuita utusaidie," King'ora akasema.

"Mliniita niseme ninachokijua. Nimekisema."

Mkalimani alimpenda mwanamke yule papo hapo. Halafu Waya akapewa nafasi, akasimama ingawa hakuna aliyemwambia asimame, akaeleza kikohozi chake, ngazi zake, mapafu yake. Alisema kwamba yeye ni mfano hai. Mkuu alipomuuliza kama anaziuza, alisema anahudumia jamii.

"Naomba kutoka," Wakili akasema.

"Si umetoka sasa hivi?" King'ora akauliza.

"Nimebanwa."

Mkalimani akageuka kumtazama. Mpaka hapo alikuwa amewatazama wakubwa tu, jinsi mtu anavyotazama benchi la mahakimu. Goti la mtoto lilikuwa linapiga chini ya meza kama kanyagio la cherehani. Kidole gumba kilikuwa kinachokonoa pindo la mkono wa sweta. Macho yalikuwa mlangoni. Na kutoka kwenye sweta ile, tangu aliporudi mara ya kwanza, ilikuwa inatoka harufu hafifu ya tikiti maji.

Kumbe alikuwa na kingine.

Hakuna mwingine aliyeigundua harufu hiyo. Wote walikuwa na shughuli na sigara ya kesho.

Mkuu akavua miwani. "Vumilia kidogo, binti, tunamaliza. Nimewasikia wote. Sheria yetu ina kasoro, na siwezi kumfukuza mtoto kwa neno ambalo halimo. Wakati wa likizo tutaiandika upya. Kwa sasa atarudi darasani Jumatatu, na usajili wake hautaguswa."

King'ora akashusha pumzi kama tairi. Waya akainama sikioni mwa dada yake. "Umewamaliza."

Ni kweli alikuwa amewamaliza. Alikuwa amempigania mtoto wake mpaka akampatia haki ya kurudi darasani, kukaa mlangoni mwa darasa na kuomba kwenda chooni kila kipindi mpaka mtihani utakapokwisha. Kila alichosema asubuhi ile kilikuwa kweli. Alikuwa ameupanga ukweli huo kwa namna ambayo msikilizaji lazima aelewe vibaya, kitu ambacho mahakamani asingekifanya hata kwa mtutu wa bunduki. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, na safari hii ilijua pa kwenda.

"Mkuu, kabla hujafunga kikao. Nataka kumuuliza mtoto swali moja."

"Dada," Waya akasema.

"Wakili. Unaweza kukaa humu mpaka kikao kiishe bila kupuliza?"

Mtoto akamtazama mjomba wake, kisha mama yake. "Mama, si tumeshinda?"

"Nimekuuliza swali."

"Sasa ya nini?"

"Jibu."

Feni ikalia tak, tak. Wakili akalikunja pindo la sweta. "Siwezi," akasema, kwa sauti ndogo.

"Wasikie."

"Siwezi." Machozi yakaanza kumtoka, na aliyafuta kwa ukali kama anamfuta mtu mwingine. "Nilishajaribu. Nikiwa darasani simsikii mwalimu, nawaza tu lini kengele itapigwa. Nikiamka naitafuta kabla sijafungua macho vizuri. Mnataka nini tena?"

"Basi, amekiri," King'ora akasema.

"Amekiri nini, mwalimu?" Mkalimani alisimama. Sauti yake haikupanda, lakini Waya alirudi nyuma kwenye kiti. "Tumekaa hapa asubuhi nzima tukigombania kama mtoto huyu atakuja kuvuta sigara. Wewe umeapa atavuta. Mdogo wangu ameapa hatavuta. Sista kasema hajui, na ndiye pekee aliyesema la maana. Na mtoto amekaa kwenye hicho kiti anatetemeka mbele ya macho yetu, na hakuna aliyemuona. Wala mimi sikumuona. Mimi ndiye niliyewafundisha leo kwamba maadamu si sigara, basi si kitu. Nafuta. Hajavuta. Hiyo imebaki palepale. Lakini amenaswa, leo, na kitu ambacho amekipata kwenye familia yangu. Kama mnayo sheria ya kufukuza wagonjwa, isomeni."

Hakuna aliyesoma kitu. Sista ndiye aliyeongea, akimtazama mkuu. "Anaweza kuacha. Siku za mwanzo ni mbaya, atakuwa mkali, hatalala vizuri, hatatulia. Nitamfuatilia. Lakini asifanye peke yake, na asifanye hapa."

Mkuu akazungusha miwani yake. "Jina litabaki kwenye usajili mpaka mwisho wa mwezi. Darasani haingii mpaka Sista aniambie anaweza kukaa siku nzima ya masomo bila hicho kitu. Akiweza, atafanya mtihani wake. Akishindwa mpaka usajili unafungwa, namwondoa, na mama usije kunihoji vitenzi."

Nje, penye ngazi, Waya alifungua koti lake kama mtu aliyetoka kwenye mapigano. "Ulikuwa umeshinda. Umeshinda kabisa, mkuu kashatamka. Halafu unamgeuka mwanao mwenyewe. Mimi sijapata kuona."

"Hujapata kuona mengi. Kile kisanduku ulikiona mwaka mzima."

"Wewe si mama," Wakili akasema. Alikuwa amekauka machozi, uso umekaza. "Wewe ni shahidi wa serikali."

Mama akanyoosha mkono. "Leta."

"Nilete nini?"

"Kile kilichokuwa kwenye sweta."

Walisimama hivyo, mkono hewani, mpaka mtoto alipokitoa na kukitupa chini kwenye saruji badala ya kumpa. Mkalimani aliinama, akakiokota, akakitia kwenye mkoba.

Akaomba likizo kazini. Sista alikuwa amemweleza la kufanya, na mengi yalikuwa mambo madogo: maji, kutembea, kitu cha kutafuna, kungoja. Hamu ikija, ngojeni ipite. Itakaa kidogo, itapita, itarudi. Alichokuwa hajamweleza ni kelele. Wakili alipiga mlango teke. Alitupa kamusi ukutani. Alisema chakula kinanuka, shuka linawasha, saa ya ukutani inamkusudia yeye. Alipoketi kusoma aligeuza kurasa bila kusoma, na alipolala aliamka amevimba macho na kuanza upya. Mama naye hakuwa malaika. Alimjibu kwa ukali mara nyingi kuliko alivyopanga, na mara moja alitoka uani akasimama katikati ya kamba za nguo, meno yameumana, mpaka alipoweza kurudi ndani.

"Nakuchukia," Wakili akamwambia alasiri moja, akiwa amekaa sakafuni ameegemea kabati.

"Nimesikia."

"Hujasikia."

"Nakuchukia. Sijaongeza, sijapunguza. Kunywa maji."

Wakili alimkodolea macho. Akayanywa, kwa hasira, mengine yakamwagikia shingoni.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Waya, na mfuko wa machungwa, na shati safi. Harufu ya mnanaa ilifika kabla yake. "Nimekuja kumuona mtoto. Tumekuwa kama maadui, dada, haipendezi."

"Karibu. Ile ya kwako iache nje."

"Ipi?"

Mkalimani akaonyesha kwa kidole mfuko wa shati la Waya.

"Dada, mimi ni mtu mzima."

"Sibishi. Na wewe sikukatazi. Nasema isipite mlango huu."

Waya akacheka kidogo, akaitoa mfukoni mwa shati, akaiweka dirishani kwa nje kwa madaha makubwa, kama mtu anayeacha silaha. "Haya. Nimeingia mikono mitupu. Wakili wangu yuko wapi? Umekonda. Mama yako anakulisha vifungu vya sheria?"

Wakili hakutaka kucheka, lakini mdomo ulimchezea. Mama yake akaweka birika jikoni na kuwaacha wazungumze. Aliwasikia kupitia ukuta: mjomba akieleza habari za mteja aliyeleta simu iliyokaangwa na samaki, mtoto akiuliza maswali. Kisha hadithi ikaanza kukatika katika. Waya alianza sentensi, akaiacha njiani. Alipotoka na vikombe, mkalimani alimkuta amekaa pembeni ya kiti, kiganja kinapapasa mfuko wa shati ambao haukuwa na kitu. Goti lake lilikuwa linapiga.

Wakili alikuwa analitazama lile goti.

"Chai hii," mkalimani akasema, akiweka vikombe vitatu.

"Ee. Ngoja." Waya akainuka. "Kuna kitu nimesahau nje. Narudi."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Walisikia hatua zake, kisha dirishani kitu kidogo kikikwaruza kwenye saruji, kisha pumzi ndefu. Wingu la mnanaa likapita mbele ya pazia. Mkalimani alikuwa na maneno ya kutosha kujaza duka zima, na aliyashikilia yote.

"Dada," Waya akaita kutoka nje, kwa uchangamfu kupita kiasi. "Nimepigiwa simu, kuna mteja. Nitapita kesho."

Hakuna simu iliyolia. Hatua zikaenda mpaka hazikusikika.

Wakili aliikalia mikono yake, kisha akaitoa tena. "Hata chai hajanywa," akasema.

"Hajanywa."

"Na yeye ndiye aliyeacha."

Wakili akakivuta kikombe cha mjomba wake, akakishika kwa mikono yote miwili ili kisimwagike, na akanywa polepole, macho kwenye mlango, kwa hasira ambayo mama yake aliitambua, maana ilikuwa yake mwenyewe.